Kuchagua Rangi ya Tangi la Maji na Mfuniko Wake Kabla ya Kununua

Tangi la maji la plastiki ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo familia hununua mara moja na kutarajia viitumikie kwa miaka mingi. Bei yake si ndogo, na kwa kaya nyingi fedha hizo hukusanywa kwa miezi kadhaa, pengine kwa upatu au kwa mchango wa ndugu. Hata hivyo, uamuzi wenyewe hufanyika ndani ya dakika chache, mnunuzi akiwa amesimama juani mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, huku kijana wa dukani akiligonga tangi kwa kiganja ili lisikike lilivyo imara. Maswali huwa mawili tu: linaingia lita ngapi, na ni shilingi ngapi. Rangi huchaguliwa kwa kufuata ukuta wa nyumba, na mfuniko hauangaliwi kabisa. Huchukuliwa kuwa umo tu, kama kifuniko cha sufuria.

Somo hili linahusu mambo hayo mawili yasiyoulizwa. Rangi huamua ni kiasi gani cha mwanga na joto kitayafikia maji ambayo familia itapikia na kuoga. Mfuniko huamua ni nani na nini kitaingia humo: vumbi, mjusi, mbu, au mtoto. Yote mawili ni rahisi kuyachunguza dukani na magumu kuyarekebisha baada ya tangi kupandishwa juu ya mnara.

Rangi hufanya kazi gani

Matangi mengi yauzwayo nchini hutengenezwa kwa plastiki aina ya polithini. Unga wa plastiki hutiwa ndani ya kalibu ya chuma, kalibu hupashwa moto huku ikizungushwa, na unga huyeyuka ukatanda kuta zote. Plastiki hiyo ikiachwa mbichi, bila kuongezwa kitu, haiwezi kustahimili jua. Miale isiyoonekana ya jua huivunjavunja polepole hadi ikawa kavu na yenye nyufa ndogondogo. Ndiyo sababu watengenezaji huchanganya dawa ya kuilinda na jua, na mojawapo ya dawa za zamani na zenye kuaminika ni masizi ya kaboni, yaleyale yanayoupa mpira wa gari weusi wake. Basi weusi wa tangi jeusi si pambo. Ndio kinga yenyewe.

Masizi hayo yana faida ya pili, nayo ni kuzuia mwanga usipenye. Mwani, yaani ule utelezi wa kijani unaoota ndani ya ndoo iliyoachwa nje, ni mmea mdogo unaohitaji mwanga ili uishi. Ukikosa mwanga haustawi. Tangi lisilopitisha mwanga hata kidogo halitaota kijani, liwe jeusi au la rangi nyingine yoyote. Tangi linalopitisha mwanga, hata hafifu, litaota mwani kwenye kuta zake. Maji yatapata harufu ya udongo, na koki na vichujio vitaziba.

Hapa ndipo mazungumzo ya dukani hupotosha. Mnunuzi hunyooshea kidole tangi la rangi ya krimu, na muuzaji humwambia: “Mama, chukua jeusi. Jeusi halizeeki.” Mnunuzi huuliza: “Na hilo jeupe, kaka?” Hujibiwa: “Hilo ni la urembo tu, mama, jua litalimaliza.” Maneno hayo yalikuwa na ukweli zaidi zamani, matangi mengi ya rangi yalipokuwa na tabaka moja tu. Leo yapo matangi ya rangi nyepesi yenye tabaka mbili au tatu: nje krimu, bluu au kijani, katikati au ndani tabaka jeusi la kuzuia mwanga. Mengine huwa na tabaka jeupe upande wa ndani kabisa, ambalo humsaidia msafishaji kuona tope lililotuama. Tangi la namna hiyo huzuia mwani sawasawa na tangi jeusi. Lakini tangi la krimu la tabaka moja na tangi la krimu la tabaka tatu hufanana kabisa yanapotazamwa kwa nje, na bei zake hazifanani.

Mnunuzi anaweza kuyatofautisha bila chombo chochote. Afike dukani mchana wakati jua ni kali, tangi likiwa nje. Aombe lilazwe ubavu, auvue mfuniko, ajifunike kichwa kwa khanga au kitenge, na aingize kichwa tu mlangoni mwa tangi huku nguo ikiziba nafasi iliyobaki, kama walivyofanya wapiga picha wa zamani nyuma ya kamera zao. Asiingie mwili mzima. Asubiri nusu dakika ili macho yazoee giza. Akiona kuta zinang’aa kama kivuli cha taa nyuma ya pazia, tangi hilo linapitisha mwanga. Akiona giza totoro, tangi limefaulu. Iwapo jua halipo, tochi ya simu ikibandikwa ukutani kwa ndani huku mtu mwingine akitazama kwa nje kwenye kivuli itatoa jibu lilelile. Muuzaji asiyekubali jaribio hili lisilomgharimu chochote amekwisha kutoa jibu.

Jaribio hilohilo lifanywe kwenye mfuniko. Mara nyingi mfuniko hutengenezwa peke yake, kwa plastiki nyembamba kuliko ya tangi, na wakati mwingine kwa rangi tofauti. Si ajabu kukuta tangi lenye giza la kutosha likifunikwa na mfuniko unaopitisha mwanga kama karatasi, na duara la kijani likaota papo hapo chini yake.

Joto ni jambo la pili. Rangi nyeusi hunywa joto la jua na rangi nyepesi huliakisi. Kwa mkazi wa Njombe au Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali, maji yaliyoota jua ndani ya tangi jeusi ni neema. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara mwezi Februari, maji yanayotoka bombani saa tisa alasiri yanaweza kuwa moto kiasi cha kutofaa kunywa wala kumwogeshea mtoto mchanga. Na si suala la starehe peke yake. Klorini ambayo mamlaka ya maji huitia ili kuua vijidudu hupotea haraka zaidi katika maji yenye joto. Bakteria kadhaa, akiwamo Legionella anayesababisha aina ya homa ya mapafu kwa mtu anayevuta matone madogo ya maji, hupendelea maji ya vuguvugu, takriban nyuzi 25 hadi 45 za Selsiasi, hasa yakituama muda mrefu.

Ukubwa wa tangi hubadilisha hesabu hii. Tangi la lita 5,000 hupata joto polepole, kwa kuwa maji ni mengi kuliko eneo la ukuta linalopigwa na jua. Tangi la lita 500 juu ya paa la bati hupata joto upesi, tena kutoka pande mbili, juani na kwenye bati. Kwa hiyo anayenunua tangi dogo kwa ajili ya paa la nyumba ya pwani ana sababu kubwa ya kutafuta rangi nyepesi yenye tabaka jeusi ndani. Anayenunua tangi kubwa la kuweka chini ya mwembe hana haja ya kuongeza fedha kwa ajili ya rangi.

Maoni ya waandishi wa kijitabu hiki ni kwamba kivuli kina nguvu kuliko rangi. Tangi jeusi lililojengewa paa dogo la makuti au bati, na kuachiwa nafasi ya upepo kupita, mara nyingi litatunza maji yenye ubaridi kuliko tangi jeupe lililo wazi juani kutwa. Na kivuli hicho huongeza maisha ya plastiki pia. Mnunuzi ambaye tofauti ya bei kati ya rangi mbili inamtosha kununua bati na mirunda atakuwa ameitumia vizuri zaidi huko. Jambo moja tu asilifanye: asinunue tangi jembamba la bei nafuu kwa nia ya kulipaka rangi baadaye. Polithini haishiki rangi ya kawaida ya kuta wala ya mabati. Hubanduka kwa magamba baada ya muda mfupi, na magamba yaliyo karibu na mlango wa tangi huishia ndani ya maji.

Mfuniko

Kati ya sehemu zote za tangi, mfuniko ndio unaoguswa na mikono mara nyingi zaidi na ndio wa kwanza kuharibika. Mtu akipita mitaani katika mji wowote wa nchi yetu atayaona matangi yaliyofunikwa kwa kipande cha bati na tofali juu yake, au kwa mfuko wa saruji uliofungwa kamba. Kila moja ya matangi hayo liliuzwa likiwa na mfuniko wake. Uliruka na upepo, ulikatika bawaba, au ulipasuka kwa jua, na mwenye nyumba hakupata mwingine wa kipimo hicho.

Ipo mifuniko ya namna tatu. Ule wa kuzungusha, wenye mikunjo kama ya kizibo cha chupa, hukaza vizuri kuliko yote ukiwa mpya. Kasoro yake ni kwamba mchanga ukiingia kwenye mikunjo hugoma, na mtu asiyekuwa mwangalifu huukaza ukiwa umekaa upande. Ule wa bawaba hufunguka kama mlango na hauanguki chini, lakini ubora wake wote uko kwenye kijiti cha bawaba, ambacho kikiwa cha plastiki nyembamba hakitafika mbali. Wa tatu ni ule wa kubandika juu tu, wakati mwingine ukiwa na vishikizo pembeni. Huo ndio rahisi kuutumia, na ndio huo unaookotwa kwa jirani baada ya dhoruba.

Hakuna sababu ya kuamini maelezo pale ambapo mkono unaweza kupima. Mnunuzi afungue na kufunga mfuniko mara tano au sita palepale dukani, na mara mbili kati ya hizo afanye hivyo kwa mkono mmoja. Sababu ni hii: nyumbani atakuwa juu ya ngazi, na mkono wa pili utakuwa umeshika ngazi. Mfuniko unaohitaji mikono miwili na kupigwa ngumi dukani hautafungwa sawasawa ukiwa mita nne juu ya ardhi. Fundi atauegesha tu, na mama mwenye nyumba hatajua. Mnunuzi atazame pia kama mfuniko umekaa sawa pande zote, kwa kuwa mifuniko iliyorundikwa ghalani chini ya mizigo hupinda, na uwazi wa upana wa ukucha unatosha kuharibu kazi yote.

Unatosha, kwa sababu mbu hahitaji zaidi ya hapo. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi ambayo wengi huijua kwa jina la kidingapopo, hupenda kutaga katika vyombo vya maji masafi karibu na nyumba za watu. Huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hutaga mayai yake ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi, na tangi likijaa tena yakaanguliwa. Katika joto la pwani, kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku saba hadi kumi. Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Tangi lenye mfuniko mbovu laweza kuzalisha mbu wa mtaa mzima, na mwenye tangi asijue, kwa kuwa viluwiluwi huwa juu kwenye giza ambako hakuna anayechungulia.

Kwa sababu hiyo mfuniko uangaliwe pamoja na matundu mengine yote. Tangi lazima livute pumzi, ama sivyo maji yakitoka haraka kuta zitabonyea. Tundu la hewa basi ni la lazima, bali liwe limeelekea chini na liwe na wavu wenye macho yasiyozidi milimita moja. Bomba la kutolea maji ya ziada nalo liwe na wavu wa namna hiyo, na tundu la bomba liingizalo maji lisiache nafasi pembeni. Kuna kasoro nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii: mfuniko uliobonyea katikati. Mvua ikinyesha, maji hutuama juu ya mfuniko wenyewe kama kwenye kisahani, na mbu huzaliana hapo juu hata tangi likiwa limefungwa barabara. Mfuniko mwema una kuba, au angalau mteremko, ili maji yateleze.

Limebaki suala la mtoto, nalo halina mzaha. Tangi la chini, hasa lile lililowekwa kwenye msingi mfupi nyuma ya nyumba, hupandwa na watoto kama mti. Mlango wa tangi ambao mtu mzima hupenya kwa shida, mtoto wa miaka mitano hupenya kwa urahisi, na kuta laini za ndani hazina pa kushika. Kwa tangi lolote ambalo mtoto anaweza kulifikia, kwa kupanda tofali, ndoo au ukuta wa jirani, mnunuzi asikubali mfuniko usio na mahali pa kutia kufuli. Mfuniko wa kuzungusha hauzuii mtoto. Watoto hufungua vizibo tangu wakiwa wadogo. Vitundu viwili vya kufuli, kimoja kwenye mfuniko na kingine kwenye shingo ya tangi, ndivyo vya kutafuta, na vitazamwe kama vinakutana mfuniko ukiwa umefungwa. Kufuli ya nje hupata kutu, hasa karibu na bahari. Ile ya shaba hudumu zaidi.

Mfuniko uwe pia na mlango wenye upana unaomruhusu mtu kusafisha ndani. Tangi dogo hutosha mkono na bega. Tangi kubwa litahitaji mtu aingie, naye asiingie kamwe bila mwenzake kusimama nje. Na atakayejenga paa la kivuli juu ya tangi akumbuke kupima nafasi kabla ya kupiga misumari: mfuniko wa bawaba unahitaji kusimama wima, na msafishaji anahitaji kuinama juu ya mlango bila kugonga kenchi. Yapo mapaa mazuri sana yaliyobomolewa mwaka wa kwanza kwa kosa hilo.

Swali la mwisho kwa muuzaji ni hili: mfuniko ukipotea, unauzwa peke yake, na ni shilingi ngapi? Jibu likiwa “hapana” au “sijui”, hiyo ni sababu halali ya kuchagua tangi la mtengenezaji mwingine, hata kama ni ghali kidogo.

Kipimo cha lita

Kwa kuwa mnunuzi yupo dukani na futi kamba mkononi, ahakikishe na ujazo. Tangi la duara hupimwa hivi: nusu ya upana izidishwe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kimo hadi usawa wa bomba la maji ya ziada. Vyote viwe kwa mita, na jibu lizidishwe kwa 1,000 kupata lita. Tangi lenye upana wa mita 1.1 na kimo cha maji cha mita 1.05 hutoa takriban lita 1,000. Tofauti ndogo husababishwa na mikunjo ya ukuta na mabega ya tangi. Tangi lililoandikwa lita 1,000 likatoa 850 ni jambo la kuuliza.

Karatasi

Mnunuzi adai risiti ya EFD, na aombe iandikwe au iambatanishwe na maelezo yanayotaja mtengenezaji, ujazo, rangi, idadi ya tabaka na aina ya mfuniko. Neno “tangi” peke yake kwenye risiti halimsaidii mtu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Lakini maelezo ya mdomo ni magumu kuyathibitisha. Hati ya dhamana isomwe kabla ya kulipa, si baada, na isomwe kwa swali moja: je, inahusu mwili wa tangi tu, au na mfuniko pia? Nembo ya Shirika la Viwango Tanzania nayo itafutwe kwenye tangi lenyewe, si kwenye bango la duka.

Muuzaji akitoa maelezo ya kupotosha, kwa mfano kuuza tangi la tabaka moja kwa jina la tabaka tatu, jambo hilo limo katika Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ambayo inakataza kumpotosha mlaji. Hatua ya kwanza ni kurudi kwa muuzaji na risiti, na kueleza kwa maandishi kasoro iliyopo na suluhisho linalotakiwa: kubadilishiwa, kurekebishiwa au kurudishiwa fedha. Asiporidhika, mnunuzi awasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani, akiambatanisha nakala ya risiti, picha za tangi na mfuniko, na nakala ya barua yake ya kwanza.

Siku ya kupokea, tangi lisishushwe kwenye kirikuu kabla mfuniko haujaonekana. Mara nyingi mifuniko hupakiwa pamoja, na unaofika huwa wa tangi la kipimo kingine. Mpokeaji aufunge na kuufungua dereva akiwa bado yupo, atazame kama kuta zina mkwaruzo mkubwa au mpasuko uliotokana na kamba za kufungia mzigo, na ndipo atie saini.